Kujitambua Ndotoni

Mwanafunzi wa sekondari mjini Singida aweza kuota anavuka Ziwa Singidani kwa miguu bila kuzama, na ng'ambo akamkuta babu yake aliyekwisha kufariki akianika alizeti. Wala hashangai. Ni asubuhi, aamkapo, ndipo anapojiuliza imekuwaje akubali mambo hayo yote bila swali hata moja. Hata hivyo wapo watu ambao, wakiwa katikati ya ndoto kama hiyo, husema moyoni, "Hii ni ndoto," na usingizi wao usikatike. Hali hii yaweza kuitwa ndoto ya kujitambua. Aristotle wa Ugiriki ya kale aliitaja, na Mholanzi Frederik van Eeden alizieleza ndoto zake mwenyewe za namna hii mwaka 1913.

Kwa nini mwotaji hashangai?

Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba usingizi una hali zaidi ya moja. Kila baada ya dakika 90 hivi, macho ya mtu aliyelala huanza kucheza upesi chini ya kope. Ubongo hufanya kazi karibu sawa na wa mtu aliye macho, lakini misuli ya mwili hulegezwa isiweze kuzitii amri zake, na hivyo mwotaji akimbiaye ndotoni hubaki kitandani. Ndoto zilizo dhahiri zaidi hutokea katika usingizi huu wa macho yachezayo. Vipindi vyake ni vifupi mwanzoni mwa usiku, na hurefuka kuelekea alfajiri. (Mwanafunzi wa bweni aamkaye saa tisa usiku kudurusu hujinyima sehemu hiyo hasa, walimu wa zamu na walifikirie jambo hili.)

Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima mambo na kuyahoji, huwa imepunguza kazi. Ndiyo maana marehemu hupokewa kama mgeni wa kawaida.

Ushahidi wa maabara

Wataalamu wengi walizitilia shaka habari za kujitambua ndotoni. Mtu akidai kwamba alijua anaota, nani atathibitisha kuwa hakuwa ameamka kidogo? Ufumbuzi ulipatikana kwa kukumbuka kwamba macho hayamo katika kifungo kile cha misuli. Mwezi Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alimfunga Alan Worsley nyaya za kupimia ubongo, macho na misuli. Walikuwa wamepatana kwamba Worsley akitambua anaota, asogeze macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Alifanya hivyo. Mashine iliiandika ishara hiyo huku vipimo vingine vikionyesha kuwa mwili umelala. Baadaye kidogo Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipata matokeo ya namna ileile. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi waliripoti jambo la ajabu zaidi: mwotaji aliulizwa 8 toa 6 ni ngapi, naye akajibu kwa kusogeza macho mara mbili.

Namna ya kujifunza

Tabia ya mchana huingia usiku. Anayetaka kujifunza na azoee kujiuliza mara kadhaa kwa siku kama yu macho au anaota, kisha apime. Asome maneno ukutani, ageuze uso, ayasome tena: ndotoni mara nyingi hubadilika. Abane pua na kujaribu kuvuta pumzi: ndotoni pumzi huweza kupita. Kupima kwa mazoea tu, bila shaka ya kweli, hakuleti faida. Kadhalika na awe na daftari karibu na kitanda, aandike ndoto kabla ya kuinuka, kwani ndoto husahaulika upesi. Baada ya majuma machache ataona mambo yanayojirudia, na hayo yatakuwa dalili zake.

LaBerge alifundisha kwamba mtu akiamka usiku kutoka ndotoni, aikumbuke ndoto ile, kisha alale akikariri nia ya kutambua kuwa anaota. Zoezi hili lafaa usiku wa kuamkia siku ya mapumziko, na mtu mwenye maradhi yanayomchanganyia ndoto na mambo halisi asilifanye.

Kuamka usiku kwenyewe si kasoro. Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi wilayani Mkalama, mkoani Singida, wanalijua hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu kundi lao moja karibu na Ziwa Eyasi ulionyesha kwamba katika siku 20, watu wazima 33 walikuwa wamelala wote kwa pamoja kwa dakika 18 tu. Karibu daima alikuwapo wa kusikia mnyama akikaribia.

Jinamizi

Faida kubwa ya elimu hii imo katika jinamizi. Pengine akili huamka kabla ya misuli kufunguliwa. Mtu huona chumba chake, hawezi kujinyanyua wala kupiga kelele, huhisi amekaliwa kifuani, na picha za ndoto huendelea mbele ya macho yake. Asiyejua sababu hutafuta mkosaji. Mwaka 1995 Zanzibar ilikumbwa na hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuwashambulia watu vitandani. Familia zililala nje zikikoka moto, na mgonjwa mmoja wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Baadhi ya wachunguzi wameyafananisha masimulizi ya waliodai kushambuliwa na hali hii ya misuli.

Hali hii hupita yenyewe kwa sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Inapomjia mwanafunzi, na ajiambie kwamba ni usingizi haujaisha, apumue taratibu, kisha ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu.