Uzito wa Baraza: Kupima Mapendeleo ya Watu katika Miradi ya Umma, kwa Mfano wa Ndia Kuu, Mombasa

Makala haya yanashughulikia swali ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi na wanauchumi: mradi wa umma unapopimwa kwa vigezo vingi kwa pamoja, mapendeleo ya watu yatiwe mizanini kwa namna gani? Msomaji huenda akashangaa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini huko. Tunachodai ni kwamba uzito wa kigezo haumo moyoni mwa mtu ukingoja afisa aje kuuchukua. Huzaliwa wakati mtu anapoulizwa, na hutegemea maneno aliyoulizwa kwayo. Ikiwa hivyo ndivyo, basi sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yetu.

Tuanze na njia moja. Ndia Kuu hutoka karibu na ngome ya Fort Jesus ikaingia Mji wa Kale wa Mombasa. Jina lake ni la Kimvita. Ndia ndiyo njia ya Kiswahili sanifu, kama mtele ulivyo mchele. Ukuu wake ni wa hadhi kuliko wa upana. Kandokando yake mna nyumba zenye milango ya nakshi, roshani za mbao zilizochomoza juu ya wapitao, na mabaraza ya mawe. Mna wakaazi, wenye maduka ya vinyago, waendao misikitini, watalii, wasukuma mikokoteni na tuktuk. Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na Mji wa Kale wenyewe unatambuliwa kisheria kuwa eneo la hifadhi. Aidha, Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala, na katika kifungu cha 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kwa hivyo, atakayetaka kutia lami, kuchimba mtaro au kukarabati nyuso za nyumba katika mtaa wa namna hii hawezi kutosheka na kigezo cha gharama peke yake.

Upendeleo, kipaumbele, uzito

Kabla ya hesabu, tutazame istilahi. Neno la kwanza linalotujia ni upendeleo. Limetokana na kupenda kupitia kauli ya kutendea: kupendelea ni kupenda kwa faida ya fulani. Ndiyo maana upendeleo, katika masikio ya Mswahili, hubeba harufu ya dhuluma. Ni la mwalimu anayempa mpwawe alama asizostahili. Ukimwambia mzee wa Mji wa Kale kwamba umekuja kuandika upendeleo wake, umemtusi kabla hujaketi. Makala haya yanatumia wingi wake, mapendeleo, yakitumaini kwamba wingi unaipunguza harufu hiyo.

Kipaumbele ni neno la maafisa. Kiini chake ni kupa umbele, yaani kutanguliza. Hueleza nani wa kwanza na nani wa pili, lakini halisemi wa kwanza amemtangulia wa pili kwa hatua moja au kwa safari ya siku nzima. Uzito, kwa upande wake, hudai kiasi. Mtu anaposema urithi ni kipaumbele na karani akaandika kwamba urithi una uzito wa asilimia 50, kuna kitu kimeongezwa ambacho msemaji hakukisema. Na tunasema tunakusanya maoni, kana kwamba maoni ni embe zilizokwisha kuanguka, kazi imebaki kuinama na kuokota.

Hesabu ya watu watatu

Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya makala haya tu. Tuseme kuna mipango mitatu ya Ndia Kuu. Wa kwanza unatia lami na kuondoa mabaraza yanayobana njia ili magari yapite. Wa pili unatandaza mawe, unakarabati nyuso za nyumba na kuzuia magari mchana. Wa tatu unazibua mitaro ya maji ya mvua na kuyaacha mengine kama yalivyo. Vigezo ni unafuu wa gharama, wepesi wa kupitisha magari na mizigo, na hifadhi ya urithi. Katika kila kigezo mpango ulio bora hupewa alama 100, ulio duni 0, na wa kati alama ya kati. Kwa kufuata mpangilio huo wa vigezo, mpango wa kwanza umepata 60, 100 na 0. Wa pili 0, 40 na 100. Wa tatu 100, 0 na 70.

Wapimaji nao ni watatu: mwenye duka, mzee mkaazi na mweka hazina wa kaunti. Kila mmoja anagawa uzito wa asilimia 100: anatoa 60 kwa kigezo akipendacho na 20 kwa kila kimoja cha viwili vilivyosalia. Mwenye duka anapenda upitaji, mzee anapenda urithi, mweka hazina anapenda unafuu. Zidisha kila alama kwa uzito wake, kisha ujumlishe. Kwa mwenye duka mpango wa kwanza unapata 72, wa pili 44, wa tatu 34. Kwa mzee ni 32, 68 na 62. Kwa mweka hazina ni 56, 28 na 74. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii hutolewa kama lawama, lakini hapa tunaichukua kama maelezo tu. Anayeishi juu ya duka na anayelipa bili hawakukosea kutofautiana.

Afisa mwenye haraka atachukua wastani. Mpango wa kwanza utapata takriban 53, wa pili 47, na wa tatu 57, mitaro imeshinda. Hebu sasa tuwapigishe kura watu wale wale kwa jozi. Kati ya mpango wa kwanza na wa pili, wawili kati ya watatu wanaupenda wa kwanza. Kati ya wa pili na wa tatu, wawili wanaupenda wa pili. Kati ya wa tatu na wa kwanza, wawili wanaupenda wa tatu. Kila mpango unashindwa na mwingine, nasi tunazunguka kama ng'ombe wa kinu. Mfaransa Condorcet aliueleza mzunguko huu mwaka 1785, na mwaka 1951 Mmarekani Kenneth Arrow akathibitisha kwamba, chaguo zikifika tatu au zaidi, hakuna kanuni ya kuunganisha mipangilio ya mapendeleo ya watu itakayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo sote tungeyaona ya haki. Wastani ule basi haukugundua matakwa ya umma. Uliamua kwamba sauti za watu watatu zina uzito sawa, na kwamba pengo la alama 10 kwa mzee ni sawa na pengo la alama 10 kwa mweka hazina. Huenda huo ukawa uamuzi mzuri, ila ulifanywa kimyakimya, na hakuna aliyeupigia kura.

Liko jambo jingine ambalo halionekani kwa urahisi. Tuseme mpango wa kwanza umeondolewa. Sheria ya hifadhi imeukataa. Imebaki miwili. Kwa mzee, wa pili ulikuwa na 68 na wa tatu 62, tofauti ya alama 6. Karani anapanga alama upya kwa kanuni ile ile, bora 100 na duni 0, bila kumwuliza mzee tena. Sasa mpango wa pili unapata 80 na wa tatu 20. Tofauti ya 6 imekuwa 60, na mzee hakubadili neno! Sababu ni kwamba uzito wake wa 60 kwa urithi ulitolewa wakati jambo lililokuwa hatarini ni kubomolewa kwa mabaraza. Sasa kilicho hatarini ni kukarabati nyuso za nyumba au kuziacha. Uzito ni wa umbali kati ya hali mbaya na hali nzuri zilizopo mezani. Kumwuliza mtu urithi una umuhimu gani kwake bila kumwonyesha umbali huo ni kumwuliza chumvi ina umuhimu gani bila kumwambia ni ya chungu kipi.

Sana na sana sana

Thomas Saaty alibuni katika miaka ya 1970 njia ya kulinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9: 1 ni usawa, 3 ni kuzidi kiasi, 5 kuzidi kwa nguvu, 7 kwa nguvu sana, 9 kwa ukomo kabisa. Njia hii imeenea mno duniani, nayo ina faida ya kumfichulia mtu anapojipinga. Hata hivyo, inadhani kwamba ngazi za maneno zinalingana na ngazi za tarakimu. Katika Kiswahili neno sana limetumika hadi likachakaa. Asante sana ya dukani haina shukrani tano zaidi ya asante. Kurudufisha, sana sana, mara nyingine kuna maana ya hasa au kwa kawaida, wala si kuongeza nguvu. Hojaji iliyoandikwa kwa Kiingereza kisha ikafasiriwa neno kwa neno hupata majibu, lakini majibu ya swali lingine.

Na adabu nayo. Kijana akiketi mbele ya mzee na kumtaka aseme msikiti umezidi mtaro mara ngapi, jibu la heshima ni kwamba yote ni muhimu, mwanangu. Kwenye fomu hiyo itakuwa 1. Ni sawa ya mkutanoni yaweza kuwa ridhaa, yaweza kuwa uchovu, yaweza kuwa namna ya kumwaga mgeni salama. Wanaisimujamii wamelisomesha hili darasani miaka mingi; ajabu ni jinsi lisivyofika kwenye ofisi za mipango.

Lamu

Anayedhani hayo ni mambo ya darasani tu aitazame Lamu, kaskazini mwa pwani hiyo hiyo, ambako vigezo vilivyoachwa nje vilirudi kupitia mahakamani. Kuhusu ujenzi wa bandari ya LAPSSET, Mahakama Kuu iliamua tarehe 30 Aprili 2018 kwamba haki za wakaazi zilikuwa zimekiukwa, zikiwemo za utamaduni, za mazingira na za kupata habari, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe takriban shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Mazingira ya rufaa za leseni iliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Lamu. Kasoro kubwa ilikuwa kwamba ushiriki wa wananchi haukuwa wa kweli. Fidia nayo ni uzito, ila umetolewa baada ya tendo, kwa fedha, na kwa anayeweza kuhesabiwa. Mvuvi hulipwa kwa samaki aliowakosa. Maarifa ya miamba na mikondo aliyorithi kwa babake yataandikwa kwenye safu gani?

Tunapendekeza, basi, kwamba swali la Ndia Kuu liulizwe kwa ubadilishanaji wa vitu vinavyoonekana: ikiwa gari la mizigo litafika mlangoni asubuhi tu, na kwa hilo mabaraza haya yabaki, utaridhika? Na likija hadi adhuhuri? Hadi alasiri? Pale anapokataa ndipo uzito wake ulipo, nao umesemwa kwa maneno yake. Majibu ya makundi yaandikwe mbalimbali kabla ya kutiwa kwenye wastani wowote, ili anayeamua aonekane kwamba ameamua.

Tungependa kuongeza kwamba maswali hayo yaulizwe barazani, kwa kuwa neno lenyewe ni kiti na ni mkutano. Lakini baraza la nje ni kikao cha wanaume. Mwanamke wa Mji wa Kale huitazama Ndia Kuu kutoka dirishani na huipita akienda sokoni. Kwake mtaro uliofurika na njia isiyo na kivuli huenda vikawa na uzito ambao hakuna mzee atakayeutaja. Hojaji inayoishia barazani itakuwa imempa 0, na katika jumla ya mwisho 0 hiyo haitaonekana.