Fenomenolojia na Wazo la Ubinadamu: Mhadhara wa Husserl wa 1935

Fenomenolojia ni falsafa inayochunguza jinsi mambo yanavyojidhihirisha katika fahamu ya mtu anayeyapitia. Makala haya yanadhamiria kuangazia uhusiano wake na sayansi za binadamu kwa kurejelea mhadhara alioutoa Edmund Husserl jijini Vienna mnamo Mei 1935.

Ikumbukwe kuwa Husserl, mzawa wa familia ya Kiyahudi, alikuwa tayari ametengwa na chuo chake cha Freiburg chini ya utawala wa Wanazi. Hoja yake ilikuwa kwamba sayansi za binadamu, hususan saikolojia, ziliiga fizikia kupita kiasi. Zilimpima mwanadamu kama kitu miongoni mwa vitu, zikasahau kwamba hata vipimo hivyo ni zao la watu wanaoishi, wanaothamini na wanaokusudia. Mtaalamu aweza kuhesabu mapigo ya moyo wa mfiwa. Hesabu hiyo haimwambii msiba ni nini kwa aliyefiwa. Uwanja huu wa tajriba ya kila siku, ambao sayansi zote huuegemea bila kuukiri, Husserl aliuita ulimwengu wa maisha katika maandishi yake ya 1936.

Kufikia hapo hoja ina mashiko. Tatizo ni kwamba katika mhadhara uo huo Husserl alishikilia kuwa wazo la ubinadamu unaoongozwa na urazini lilizaliwa Ugiriki na kurithiwa na Ulaya. Ulaya hiyo ya kiroho iliijumuisha Marekani lakini ikawaacha nje Waroma, waliokuwa wakihamahama barani humo kwa karne nyingi. Kinaya hakifichiki: aliyetengwa naye alitenga.

Hata hivyo, si haki kumhukumu kwa mhadhara mmoja. Mnamo 11 Machi 1935 alikuwa amemwandikia Lucien Lévy-Bruhl, mwanaanthropolojia wa Kifaransa, akisifu juhudi za kuuelewa ulimwengu wa jamii nyingine kutoka ndani. Maurice Merleau-Ponty aliiona barua hiyo kuwa dalili ya mwelekeo mpya. Jacques Derrida hakukubaliana na tafsiri hiyo.

Aliyeibana nadharia hii kwelikweli ni Frantz Fanon. Katika kitabu chake cha 1952, anaeleza mtoto wa Kizungu anayemwona mtu Mweusi na kuingiwa na hofu. Merleau-Ponty alikuwa amefundisha kwamba mwili ndio njia yetu ya kuufikia ulimwengu. Fanon aonyesha kwamba, mbele ya jicho hilo, mwili wa Mweusi hugeuka kuwa kitu kinachotazamwa hata na mwenyewe.