Siku Mbili Juu ya Mekong: Namna ya Kushuka kwa Boti ya Polepole hadi Luang Prabang

Kati ya Huay Xai, mji mdogo wa mpakani kaskazini mwa Laos, na Luang Prabang, mji wa kale wa wafalme, kuna kama kilomita 300 za maji ya Mto Mekong yenye rangi ya chai ya maziwa. Ndege au basi la usiku litakufikisha upesi. Boti ya mbao inachukua siku mbili, na usiku inafunga kamba njiani. Humo ndani mna wageni, wanakijiji, magunia, kuku na familia ya nahodha.

Wanaorudi wakilalamika kwamba safari ilichosha, wengi wao walipanda na kazi ambazo hawakuzimaliza nchi kavu: hawana pesa taslimu, hawajui watalala wapi, wameishiwa maji ya kunywa. Siri ya mto huu ni moja. Maliza shughuli zote kabla ya kupanda, ili ukishaketi ubaki na kazi ya kutazama tu. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa nia hiyo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Novemba hadi Februari ndiyo miezi mizuri. Mvua zimekwisha, mto bado una maji ya kutosha, na milima ni ya kijani. Desemba na Januari asubuhi huwa na ukungu mzito na baridi ya kukunja mikono, kwa hiyo sweta si mzigo wa bure.

Machi na Aprili wakulima huchoma mashamba milimani na moshi hutanda. Mwenye pumu aiepuke miezi hiyo. Maji nayo hupungua, miamba ikachomoza, na boti ikabidi ijipenyeze katikati yake. Katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Kilao, Pi Mai, ambapo watu humwagiana maji barabarani kwa siku kadhaa. Ni furaha kubwa, ila vyumba hujaa. Mei hadi Oktoba ni masika yao: mto hufura, hubeba magogo, na wageni hupungua.

Hatua ya 2: Weka karatasi sawa

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo aanze na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Thailand hukidai kwa abiria wa nchi zetu, na Laos hukidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, basi usichanjwe kesho ukasafiri keshokutwa.

Njia iliyozoeleka ni kuruka hadi Bangkok, kisha Chiang Rai kaskazini mwa Thailand. Kama utarudi kupitia Thailand, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani ya mara moja hufa pale unapovuka kwenda Laos. Tangu Mei 2025 Thailand pia inataka kila mgeni ajaze fomu ya kuwasili kwenye mtandao kabla ya kufika. Kwa viza ya Laos, uliza ubalozi wao mambo mawili: je, pasipoti yako inaruhusiwa kupata viza mpakani, na je, viza ya mtandaoni inakubaliwa katika kituo cha Huay Xai? Pata jibu kabla ya kulipia tiketi ya ndege.

Jambo jingine halimo katika vipeperushi vya utalii. Mkoa wa Bokeo, ambao Huay Xai ni makao yake makuu, ndimo lilimo eneo maalumu la kiuchumi la Pembetatu ya Dhahabu, linalojulikana kwa kasino na vituo vya utapeli wa mtandaoni. Vijana kutoka Afrika Mashariki wamewahi kuahidiwa kazi nzuri, wakapitishwa Thailand, wakajikuta wamefungiwa katika vituo vya namna hiyo Laos na Myanmar. Kwa hiyo usishangae ofisa wa uhamiaji akikuhoji kwa kina. Beba tiketi ya kurudi na uthibitisho wa hoteli, vyote vimechapishwa. Na kama kuna mtu anayekulipia safari hii ili “ukaanze kazi”, usipande ndege hiyo.

Hatua ya 3: Lala Huay Xai

Kutoka Chiang Rai panda basi la Chiang Khong, mwendo wa saa mbili hadi mbili na nusu. Mpaka unavukwa kwenye Daraja la Nne la Urafiki, lililofunguliwa Desemba 2013. Hairuhusiwi kuvuka kwa miguu. Utapigiwa muhuri wa Thailand, utapanda basi la darajani, kisha utagongewa muhuri wa Laos upande wa pili, na kutoka hapo bajaji kubwa, tuk-tuk, itakupeleka mjini.

Wako wanaojaribu kuvuka na kuwahi boti asubuhi hiyohiyo. Foleni ikirefuka, boti haisubiri. Fika jana yake. Jioni panda ngazi za hekalu la Wat Chom Khao Manilat, zilizolindwa na nyoka wa kuchongwa huku na huku, uuangalie mto kutoka juu. Ukishuka, fanya mambo manne: badili pesa upate kip, sarafu ya Laos, nunua laini ya simu, weka chumba cha Pakbeng, mji mdogo ambako boti hulala usiku wa kwanza, na jaza mfuko wa chakula.

Hatua ya 4: Tiketi na kiti

Tiketi huuzwa gatini, kaskazini kidogo ya mji. Nyumba za wageni nazo huuza kwa kuongeza cha juu, ambacho mara nyingi kinalipia na usafiri wa kukufikisha gatini. Bei hubadilika, na kip imeporomoka sana tangu 2022, kwa hiyo usitegemee bei ya kitabu cha zamani.

Boti huondoka yapata saa tano na nusu asubuhi. Wewe uwe gatini saa tatu. Viti vingi ni vile vya mabasi madogo yaliyochakaa, vimepangwa juu ya sakafu ya mbao, na namba hata ikiwepo haiheshimiwi sana. Aliyetangulia ndiye aliyekaa. Keti upande wa omo. Tezi ndiko kwenye injini na choo, na mngurumo wake kwa saa nyingi si wa mchezo.

Zipo pia boti za kifahari zenye mwongozaji, chakula na vituo vya kutembelea vijiji. Ni ghali mara kadhaa, lakini mwenye wazazi wazee au watoto wadogo atapata nafuu. Kuna pia boti za mwendo kasi zinazomaliza safari kwa siku moja, abiria wamevaa helmeti. Hizo ziache. Jabali lililojificha chini ya maji halina huruma na chombo kinachoruka.

Hatua ya 5: Mkoba wa mkononi

Mzigo mkubwa huwekwa chini ya sakafu au nyuma, na hutaufikia hadi jioni. Kaa na hivi:

- Maji lita mbili, matunda, mkate na wali wa kunata. Ndani ya boti huuzwa vinywaji na tambi za kumwagia maji moto, kwa bei ya juu.
- Kip katika noti ndogondogo.
- Karatasi ya chooni, dawa ya kufukuza mbu na dawa zako za kila siku.
- Mto mdogo wa kukalia.
- Kanga mbili. Moja itakuzuia upepo botini, itakuwa shuka Pakbeng, na itakufunika mabega hekaluni.

Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, maana nyama hiyo imo katika vyakula vingi, hata ndani ya mboga. Samaki wa mtoni aliyechomwa kwenye kijiti, akaliwa kwa wali wa kunata, ndiye mkombozi.

Hatua ya 6: Kaa, tazama

Saa ya kwanza utapiga picha mia. Ya pili utatafuta mtandao usiupate. Ya tatu macho yanaanza kuona.

Utaona miti ya mwanzi imechomekwa kwenye nyufa za miamba, imepinda kama ndoano, na nyavu zinaning'inia: mitego ya samaki. Wakati wa kiangazi utaona mistari ya karanga na mahindi kwenye kingo za mchanga. Wanakijiji hupanda pale mto ulipojiondoa, kwa sababu maji yameacha tope lenye rutuba, na wanavuna kabla hayajarudi. Utaona wanawake wameinama na masinia ya mbao, wanachekecha mchanga wakitafuta chembe za dhahabu.

Kisha injini inashuka sauti. Hakuna gati wala kibao, ni ufuko mtupu na njia ya miguu inayopanda msituni. Omo inapanda mchanga taratibu. Kijana wa boti anaruka na kamba, ubao unawekwa, mama anashuka na mtoto mgongoni, nyuma yake gunia la mchele na mabati ya kuezekea. Watoto wamekwisha teremka mbio kutoka kijijini. Dakika tano baadaye boti imejivuta nyuma, na mama haonekani tena. Vijiji vingi hapa ni vya Wakhmu, Wahmong na Walao, na kwa baadhi yao boti hii ndiyo barabara.

Ukipata nafasi ya kushuka, salimu kwa kusema “sabaidee”, viganja vimekutana kifuani, kichwa kikiinama kidogo. Asante ni “khop chai”. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Usigawe pipi wala pesa kwa watoto. Ukitaka kusaidia, nunua kitambaa kwa aliyekifuma.

Hatua ya 7: Usiku wa Pakbeng

Boti hufika Pakbeng jioni, kama saa kumi na moja. Ni barabara moja inayopanda mlima, nyumba za wageni huku na huku. Vijana watakimbilia mizigo. Shika wako mwenyewe au patana bei kwanza. Kwa kuwa uliweka chumba, pita moja kwa moja.

Agiza laap ya samaki, yaani samaki aliyekatwakatwa na kuchanganywa na ndimu, mnanaa na unga wa mchele uliokaangwa. Ukikaribishwa pombe ya kienyeji, lao-lao, kataa kwa tabasamu. Novemba 2024 wageni sita walifariki baada ya kunywa pombe yenye methanoli katika mji wa Vang Vieng, na kwa macho huwezi kuitambua yenye sumu. Kabla ya kulala agiza kifungua kinywa na chakula cha kubeba. Boti ya pili huondoka yapata saa tatu asubuhi, na mara nyingi si ile ya jana, kwa hiyo wahi kiti tena.

Hatua ya 8: Siku ya pili

Mchana milima ya chokaa inasogea karibu. Pale Mto Nam Ou unapoingia Mekong, kama kilomita 25 kabla ya Luang Prabang, kuna mapango ya Pak Ou, yaliyojaa maelfu ya sanamu za Buddha zilizoachwa na waumini kwa karne nyingi. Boti ya abiria hupita bila kusimama. Utarudi siku nyingine kwa boti ya kukodi kutoka mjini.

Karibu na hapo linajengwa bwawa la umeme la megawati 1,460. Chini ya Luang Prabang, bwawa la Xayaburi linafanya kazi tangu Oktoba 2019. Mto unabadilika, na ujenzi unaweza kubadilisha vituo na ratiba. Uliza gatini Huay Xai boti inaishia wapi kwa sasa. Gati la kawaida liko kama kilomita 10 nje ya mji, kwa hiyo bakiza pesa ya tuk-tuk.

Hatua ya 9: Ingia hekaluni kwa adabu

Luang Prabang iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995. Anza na Wat Xieng Thong, hekalu lililojengwa na Mfalme Setthathirath mwaka 1559 hadi 1560. Paa lake limeshuka chini kama kuku aliyefunika vifaranga. Zunguka nyuma: ukutani kuna mti wa uhai uliotengenezwa kwa vipande vya vioo vya rangi. Nenda saa za jioni, jua linapoupiga.

Vua viatu, funika mabega na magoti, usinyooshee sanamu nyayo za miguu. Mwanamke asimguse mtawa wala asimpe kitu mkono kwa mkono.

Alfajiri watawa hupita barabarani kupokea sadaka ya wali. Hiyo ni ibada. Kama hushiriki, simama ng'ambo ya barabara, kimya, bila taa ya kamera. Kama unashiriki, nunua wali sokoni na ukae chini kuliko watawa.

Hatua ya 10: Kurudi

Usirudi kwa boti, maana kupanda mto ni kwenda dhidi ya mkondo na huchukua muda mrefu zaidi. Treni iliyoanza Desemba 2021 inafika Vientiane, mji mkuu, kwa takribani saa mbili. Nunua tiketi siku chache kabla. Ndege za Bangkok nazo zipo. Bima ya safari iwe inalipia kuhamishiwa Thailand, kwa sababu huko ndiko wagonjwa mahututi hupelekwa.

Mwenye wiki moja tu kwa nchi tatu, boti hii haimfai. Apande ndege na asijilaumu. Mwenye siku mbili za kupoteza ndiye ninayemwambia: fanya kazi zote Huay Xai, kaa upande wa omo, na simu iweke mkobani. Mtandao wenyewe hautashika.