POSHO YA MUTU MMOJA
(Somo kwa wanafunzi wanaopanga vyumba)



Hapa Bukavu tuko wengi tuliotoka mbali sababu ya masomo. Tunapanga chumba, kila mutu na mbabula yake na sufuria yake moja. Kule nyumbani mama alipika, sisi tukakula. Hapa mama hayuko. Mwanzo wa mwezi wazazi wanatuma feza kidogo. Siku ya 12 feza imekwisha. Na kutoka pale mpaka mwisho wa mwezi ni bugali na chumvi.

Tunaandika somo hili juu ya jambo lililotukuta. Siku moja mwenzetu alianguka wakati wa ibada ya asubuhi. Sisi wote tulisema: ni malaria. Tukamubeba mpaka ku dispansere. Munganga alipima damu, hakuona malaria. Akamuuliza: «Jana ulikula nini?» Akajibu: «Bugali.» «Na mboga gani?» Akanyamaza. Munganga akauliza habari ya juzi, na ya mbele ya juzi. Ilikuwa bugali na chumvi, chai na sukari, siku tisa. Na sisi tulikuwa tunakaa naye lupango moja! Hatukujua, sababu wakati wa kula alifunga mulango. Alikuwa na haya.

Mwenzetu huyu hakuwa muvivu, wala hakuwa mutu wa kutupa feza. Yeye alifikiri kwamba anachunga feza. Basi neno kubwa la somo letu ni hili: kuchunga feza siyo kuacha mboga. Tunachunga feza kusudi mboga isipotee.

I. NENO «POSHO»

Kwetu Congo siku ya sita tunaiita siku ya posho, na juma zima wengi wanaliita posho. Kuita siku kwa jina hili kunatoka mu wakati wa Wabelgiji. Wafanyakazi wa mines na wa mashamba makubwa walipimiwa chakula cha juma: unga, maharagi, samaki, mafuta, chumvi. Hatusifu wakati ule, sababu babu zetu waliteseka sana. Lakini wale bibi zetu waliopokea posho walikuwa na akili moja ambayo sisi tumeipoteza. Walijua kwamba chakula cha leo sherti kifike mpaka siku ya posho nyingine. Walikigawanya kabla ya kuwasha moto.

Sisi tunapokea feza ya mwezi na kuila kama karamu. Tufanye hivi: siku ile ile feza inapofika, tuigawanye mafungu 5. Mafungu 4 ni ya posho 4. Fungu la 5, hata likiwa dogo kupita yale mengine, ni la zile siku mbili tatu zinazozidi mu mwezi, na la dawa. Kila fungu tulifunge mu karatasi yake. Mutu asifungue karatasi ya pili mbele ya siku yake.

II. KUNUNUA

Mutu anayekaa peke yake ananunua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo bei kali. Tufanye hesabu ya mufano (siyo bei ya soko). Kopo dogo la maharagi ni franga 500. Makopo 6 yanajaza kipimo kimoja. Kipimo kizima ni franga 2 500. Yule anayenunua kopo moja moja, akifikisha kipimo ametoa franga 3 000. Amelipa kopo moja ambalo hakulikula.

Tusiseme kwamba mama wa soko ni mwizi. Yeye alinunua gunia, akalipa mubebaji, akakaa ku jua tangu asubuhi. Kazi ya kugawanya ile gunia ndiyo mushahara wake. Lakini ile kazi sisi wenyewe tunaweza kuifanya. Wanafunzi watatu wakiungana, wananunua kipimo kikubwa na kugawanya kwao, kila mutu akiangalia. Makala ni vile vile: kilundo kidogo cha makala kinakula feza kupita gunia.

Yafuatayo tumeyajaribu wenyewe ku soko ya Kadutu:

1. Andika mbele ya kwenda. Kile hakiko ku karatasi, hakinunuliwi.
2. Usiende na njaa. Mwenye njaa ananunua mandazi mbele ya maharagi.
3. Lengalenga ununue majioni. Bei inashuka, juu mama hataki kurudi nayo nyumbani ikiwa imenyauka. Lakini ipikwe usiku ule ule.
4. Maharagi uyaangalie mu kiganja. Yenye matundu yana wadudu. Yale ya zamani sana ni magumu. Unayapata kwa bei ndogo, kisha yanakula makala yote.
5. Unga yenye harufu ya ukungu (moisi) uiache, hata wakikupa kwa nusu bei.

Kwa mutu mmoja, kwa juma moja, tuliona hesabu hii inatosha karibu: unga kilo 3, maharagi kilo 1, mafuta ya mawese robo litre, sambaza kavu kopo moja, lengalenga mara mbili, sombe mara moja, vitunguu, nyanya kidogo, chumvi. Kama feza inabaki, karanga au ndizi. Sukari na mikate vinakuja nyuma ya hivi vyote, haviwezi kutangulia.

Juu ya sambaza tuseme neno. Wengi wanafikiri samaki huyu ni wa Kivu tangu zamani. Hapana. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na akazaa sana mu ziwa letu. Sambaza kavu haiombi frigo, na tunamukula na mifupa yake, ile mifupa inasaidia mifupa yetu. Konzi moja tu inabadilisha sufuria nzima ya lengalenga.

III. KUPIKA MAHARAGI BILA KUMALIZA MAKALA

Mu gramu 100 za maharagi makavu muko zaidi ya gramu 20 za protini, ni kusema chakula cha kujenga mwili. Mu unga ya muhogo, gramu 100 kama hizo, hazifike hata gramu 3. Ndiyo sababu bugali inashibisha tumbo, lakini mwili unaendelea kuomba.

Wengi wanakimbia maharagi sababu ya makala. Fanya hivi:

Magaribi chagua maharagi, osha, weka mu maji mengi, yalale humo. Asubuhi mwaga yale maji, tia mapya. Weka ku moto mukali, yachemuke sana nusu saa nzima. Usipunguze wakati huu: maharagi ambayo hayakuchemuka vizuri, zaidi yale mekundu, yanaweza kutapisha mutu na kumuharisha. Kisha funika sufuria vizuri, itoe ku moto, iweke mu kikapo chenye majani makavu ya ndizi au nguo nzito, chini, pande zote na juu. Usifungue. Ule moto uliofungwa ndani unaendelea kupika, na wewe unakwenda ku masomo. Ukirudi, rudisha sufuria ku mbabula, yachemuke tena mpaka yalainike, ndipo utie chumvi, kitunguu na mafuta. Kilo moja tunaigawanya mara 3 mu juma: siku ya yenga, siku ya tatu na siku ya tano. Kila mara yanatosha siku ile na kesho yake.

Hatuna frigo. Basi maharagi yaliyobaki yachemuke tena kabla ya kulala, na tena kabla ya kula. Siku ya tatu yasiwe ku sahani. Yakitoa povu au harufu ya uchachu, yatupwe bila kulia.

IV. UNGA YA MUHOGO: BEI NDOGO AMBAYO INAWEZA KUUZA MIGUU

Hapa tusome polepole. Muhogo, zaidi ule muchungu, una sumu ndani yake. Mama zetu wanaijua tangu zamani, ndiyo sababu wanalowanisha muhogo mu maji siku tatu, mpaka unalainika, kisha wanaukausha ku jua na kuutwanga. Maji na jua vinatoa sumu. Lakini wakati wa njaa, wa vita, au wakati mufanyabiashara anaharakisha, siku tatu zinakuwa siku moja. Unga inaonekana nyeupe na nzuri, kumbe sumu imebaki.

Iko ugonjwa unaoitwa konzo. Munganga Trolli aliuandika mu 1938, kule Kwango. Jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mutu, mara nyingi mutoto ao mama, analala muzima. Anaamuka, miguu yote miwili imekazana, haitembei vizuri tena. Haiponi. Waganga wameona kwamba konzo inakuja pale mambo mawili yanakutana: muhogo ambao haukulowanishwa vizuri, na kukosa protini mu chakula kwa majuma mengi. Mwili unahitaji ile protini kusudi ushinde sumu. Ni ugonjwa wa vijiji maskini zaidi, na hatusemi kwamba kila mwenye kula bugali na chumvi atakuwa kilema. Tunasema tu kwamba mboga siyo mapambo ya bugali. Mboga ni mulinzi.

Basi nunua kwa mama unayemujua, na umuulize: «Mama, muhogo huu ulilala mu maji siku ngapi?» Kama una mashaka na unga, iko njia rahisi ambayo wenye elimu wamefundisha mu vijiji vya Congo: changanya unga na maji mpaka ilowane yote, itandaze nyembamba sana ku sahani kubwa ao ku mukeka safi, iache saa mbili ku jua, ao saa tano ku kivuli. Sumu inatoka kama hewa. Kisha songa bugali siku ile ile, usiiweke mpaka kesho. Na sombe ni vile vile: itwangwe vizuri na ichemuke sana. Sombe ya haraka siyo sombe.

V. MBABULA NA MULANGO

Wakati wa baridi wengine wanapika ndani ya chumba, wanafunga dirisha, na kulala na makala yakiwaka. Wandugu, msifanye hivi hata siku moja. Makala yanatoa hewa inayoitwa monoxide ya carbone. Haina harufu, haina moshi, na inaua mutu akiwa mu usingizi. Mbabula ikae inje, na ibaki inje.

VI. SUFURIA INAPENDA WATU

Tumeandika somo kwa mutu mmoja, lakini sherti tukubali kwamba sombe haipendi mutu mmoja. Kuitwanga ni saa nzima, kuichemusha ni makala mengi. Mu lupango letu, tangu munganga alipouliza lile swali, siku ya posho tunapika sombe sufuria moja: huyu analeta majani, huyu makala, huyu mafuta, na yule ambaye hana kitu anatwanga. Hakuna anayeuliza nani alileta kidogo. Mwenzetu yule aliyeanguka ndiye anatwanga kupita sisi wote, na leo anacheka.

Tunakumbuka mu Injili ya Yoane, sura ya 6, jinsi Bwana alivyokulisha watu wengi kwa mikate mitano. Kisha akaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, kusudi visipotee. Yeye aliyeweza kufanya mikate hakudharau vipande. Tena hakumuacha mutu hata mmoja akule peke yake nyuma ya mulango uliofungwa.

MAULIZO (jibuni mu kikundi, kila lupango)

1. Mafungu 5 ya feza ya mwezi ni ya nini?
2. Ku mufano wetu, mutu anayenunua vipimo 4 vya maharagi kwa makopo anapoteza franga ngapi?
3. Kwa nini tunachemusha maharagi nusu saa mbele ya kuyaweka mu kikapo?
4. Mambo mawili gani yanakutana mbele ya konzo kumupata mutu?
5. Nani mu lupango lenu anafunga mulango wakati wa kula? Mumefanya nini?

Ulizo la 5 halina alama, lakini lisiachwe bila jibu.

Sisi wenzenu wa mwaka wa sita tunaopanga vyumba.