Aedes: Chumba Chenye Moto

Nimeagiza kibao cha mlangoni, "aedes mea". Ni sahihi?

Umejitangaza mungu. Andika "aedes meae".

Barua kadhaa, swali moja: inakuwaje neno la Kilatini aedes kwa umoja liwe hekalu, na kwa wingi liwe nyumba ya mtu?

Kwanza tuache ule uzushi unaorudiwa kila mwaka, eti kila nyumba ya Mrumi ilikuwa hekalu. Asili ya neno hili ni moto. Shina lake ndilo lililozaa aestas, yaani kiangazi, na lina undugu na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuwasha. Mwanzoni, basi, aedes ni mahali pa moto, kisha chumba chenye moto huo. Msemaji wa Kiswahili ndiye wa mwisho kushangaa: tukisema fulani amepata jiko, hakuna anayeuliza mafiga yako wapi. Mungu alitosheka na chumba kimoja cha kuwekea sanamu yake, ndiyo maana ya umoja. Binadamu ana vyumba kadhaa, ndipo ukaja wingi. Mtasema maelezo haya yametungwa baadaye ili kupamba kanuni ya sarufi. Basi msomeni Curtius Rufus: walinzi wa Alexander wanakesha kwenye mlango wa aedes alimopumzika mfalme. Ni umoja, na hapo hapana hekalu wala madhabahu. Ni chumba cha kulala tu. Tena tazameni hesabu. Duae aedes ni mahekalu mawili, lakini nyumba mbili ni binae aedes, kwa sababu jina lililo katika wingi tayari huhesabiwa kwa namba za aina yake. Lugha haijisumbui hivyo kwa neno lililobadilika kiholela.

Lakini hekalu si templum?

Templum ni eneo lililotengwa na waaguzi wa dola kwa kanuni zao. Aedes ni jengo anamokaa mungu. Aulus Gellius, akimtegemea Varro, anaeleza kwamba hata aedes ya Vesta haikuwa templum, ilhali Curia, ukumbi wa Seneti, ilikuwa templum bila kuwa makao ya mungu yeyote. Ni kweli Augusto anajisifu kukarabati templa 82 jijini Roma, na hapo anachanganya kama mlivyochanganya ninyi. Mazoea ya watu hayafuti tofauti iliyokuwa na uzito wa kisheria.

Mbona Kiitalia hakina aedes?

Casa, lililokuwa kibanda, lililimeza. Aedes limebaki ndani ya edificio, yaani jengo.

Je, ni la watu na miungu tu?

Na nyuki. Virgilio, katika Georgica, anawafungia ndani ya aedes, kwa wingi. Aliyewahi kuona sega anajua ni kwa nini.