Mzigo Anaorudi Nao Mwenzio Kutoka Kazini



Hapa Junda mmoja hutoka alfajiri na bodaboda, mwingine hurudi kutoka lindo la usiku. Kila kazi ina mzigo wake, na mzigo ukizidi mtu aweza kufikia kutaka kujiua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 walijiua, wengi wao wanaume.

Kazi huongeza hatari kwa njia mbili. Kwanza ni kukosa riziki. Mwaka 2020, korona ilipofunga mahoteli ya Pwani, baba wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Aliyezoea kulisha wengine huona aibu hata kusema.

Pili ni kazi inayomweka mtu karibu na silaha, dawa au sumu: polisi, muuguzi, mkulima. Aliyezidiwa na huzuni akiwa na kitu cha kumdhuru mkononi, nafasi ya kumwokoa huwa ndogo. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za shamba zenye sumu kali, vifo vya kujiua vilipungua sana.

Basi mume au mke afanye nini? Mwenzio akisema, "Mngekuwa afadhali bila mimi," akigawa vitu vyake, akikosa usingizi au kuzidisha pombe, usimwite mvivu. Muulize waziwazi: "Baba watoto, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo jipya, humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa vitu vya hatari, nayo bunduki ya kazi irudishwe kituoni. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Wengine hunyamaza kwa kuogopa sheria na Kanisa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Nayo Katekisimu ya mwaka 1992 (2280–2283) hufundisha kwamba uhai ni wa Mungu, lakini maradhi ya akili na hofu kubwa hupunguza lawama, na tusikate tamaa juu ya wokovu wa aliyejiua. Familia iliyofiwa hivyo isitengwe.

Maswali ya kuzungumza jioni:
1. Katika kazi yako, ni jambo gani linalokulemea ambalo hujaniambia?
2. Mmoja wetu akizidiwa usiku, tutamwita nani?