Ijue Kaunti Yako: Namna ya Kuzuru Kaya na Kuisoma

Mkazi anayesafiri kutoka Mazeras kwenda Kaloleni huona vilima vilivyofunikwa na msitu mzito katikati ya mashamba ya minazi na mahindi. Misitu hiyo haikubaki kwa bahati. Ndani yake mna mahame ya miji ya kale ya Wamijikenda. Somo la toleo hili linaeleza miji hiyo ilikuwa nini, na mgeni afanye nini anapoizuru.

Kaya ni nini?

Katika lugha za Kimijikenda, kaya ni nyumbani, makao. Wamijikenda ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Simulizi za wazee zasema walitoka Singwaya, upande wa kaskazini. Kuanzia karne ya 16 walijenga miji yenye ngome ndani ya msitu, mingi ikiwa juu ya vilima.

Kilima kilichaguliwa kwa sababu adui angeonekana mapema. Msitu ulikuwa ndio ukuta, na njia za kuingilia zilifanywa nyembamba ili zilindwe na watu wachache. Ndiyo maana kukata mti kulikuwa mwiko: aliyekata mti alibomoa ukuta wa mji.

Usalama ulipoongezeka katika karne ya 19, watu walianza kushuka kutafuta ardhi ya kulima. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Makaburi, maombi na miiko vilibaki mikononi mwa wazee. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza Misitu Mitakatifu ya Kaya za Mijikenda katika orodha ya Turathi za Dunia. Kati ya kaya hizo, zilizo Kilifi ni pamoja na Kauma, Jibana, Kambe, Ribe, Fungo na kaya za Rabai.

Ukiingia, tazama haya

1. Njia. Ni ile ile iliyopitwa na wahenga. Usikate njia ya mkato.
2. Uwazi wa katikati. Hapa palikuwa na nyumba, na moro, yaani mahali pa baraza ambapo wazee waliamua kesi.
3. Makaburi. Usikanyage wala kuketi juu yake.
4. Fingo. Hii ni kinga ya kaya iliyozikwa ardhini. Usiombe kuonyeshwa mahali ilipo.

Adabu za mgeni

Kaya haiingiwi bila idhini. Anza kwa wazee wa kaya. Usipowajua, muulize chifu au mzee wa kijiji. Uliza mapema kuhusu ada, mavazi na siku zinazofaa, kwa kuwa kila kaya ina taratibu zake. Kuna mahali utafungwa kitambaa cheusi, na kwingine utavua viatu. Usipige picha bila ruhusa. Usitoke na jani, jiwe wala ukuni. Walimu wanaopeleka wanafunzi wawafundishe haya kabla ya safari.

Kwa nini jambo hili linatuhusu leo?

Historia inaonyesha uzito wa kaya. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwalisha Wagiriama kiapo cha kuupinga utawala wa Waingereza. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Ilijua kuwa umoja wa watu ulikuwa na makao.

Leo hatari hutoka kwetu wenyewe. Miti hukatwa kwa makaa na mbao, na mashamba husogezwa msituni mwaka baada ya mwaka. Mmomonyoko wa kilima kilichokatwa miti humfikia kwanza jirani anayelima bondeni. Vigango, nguzo zinazosimamishwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilirudi kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine 30 mwaka 2019. Vingi bado viko mbali.

Lililo zito zaidi ni roho za wazee. Katika kaunti yetu wako waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma huwa mna mgogoro wa ardhi. Mvi si ushahidi wa uchawi. Na ajuaye njia, majina ya makaburi na maombi ya mvua ni mzee huyo huyo. Akiuawa, kilima kitabaki lakini hapatakuwa na wa kukisoma.

Kaya nyingi zimetangazwa rasmi kuwa turathi za kitaifa, na kuziharibu ni kosa chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Ukiona ukataji miti au wizi wa vigango, mjulishe mzee wa kaya, chifu au ofisi ya Makavazi ya Kitaifa iliyo karibu. Ukisikia mzee anatishwa, piga ripoti polisi siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kaya iliyo karibu nanyi yaitwaje, na ni ya akina nani?
2. Ni mwiko gani wa kaya unaolinda msitu au maji?
3. Katika boma lenu, nani anaijua historia ya ukoo, na nani ameketi naye mwaka huu kuisikiliza?